Kitambaa Chekundu Kiko Nyuma

Video yenyewe ni ya sekunde kumi na nne tu. Nimeitazama mara nyingi mno; simu yangu ingekuwa kaseti, utepe ungeshakatika. Naonekana mimi, taulo kichwani, nashindilia sponji ndani ya kifuniko cha mto kama mtu anayemvalisha mtoto mkorofi sare ya shule. Nacheka. Nyuma yangu inasikika sauti ya Bibi akiwa kitandani. Alichosema nitawaambia, ila si sasa. Nikianzia hapo hamtanielewa.

Tuanze na kiti.

Bibi yangu ni fundi cherehani. Sisemi alikuwa. Ni. Miaka arobaini ameshona mtaani kwetu, ana cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha mpini, nyeusi, rangi imechubuka pale anapoegemeza kiganja. Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Ikaungwa, lakini miguu ikagoma kumbeba. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, akaleta kiti cha magurudumu alichopewa na mtu ambaye mzee wake alikuwa amefariki. Jamani, kiti kile! Bibi ni mwembamba, na pale ndani wangekaa Bibi wawili na mkoba wao. Akawa analalia upande kama gunia lililofungwa vibaya, kidevu kifuani, mikono yote miwili imeng'ang'ania kiti asianguke. Sasa mikono ikishika kiti, kijiko kitashikwa na nani? Shangazi, dada yake Baba mdogo, tunayeishi naye mimi na Bibi, akawa anamlisha.

"Kiti hiki si changu," Bibi alisema siku ya kwanza.

"Mama, ushukuru," Baba mdogo akajibu. "Wenzio hawana."

Ndipo hospitali ikamtuma Dada Futi. Kwa jina la kazi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani shughuli yake ni kumrudisha mtu aliyeumia kwenye mambo yake, kula mwenyewe, kuvaa, kazi ya mikono. Sisi tulimpa jina hilo kwa sababu hata chai hajaonja, ameshachomoa futi ya kupimia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Na hiyo futi?"

"Nakupima. Kiti hiki kikubwa, si chako."

Bibi alitugeukia sote, taratibu, mmoja mmoja.

Dada Futi akapima upana wa nyonga, akapima paja kutoka mgongoni mpaka nyuma ya goti, akashuka kutoka goti mpaka kisigino. Bibi anamwangalia kama msimamizi wa mtihani.

"Usiivute sana, mwanangu. Unaniibia nusu inchi."

Dada Futi akacheka, akarudia kupima. Kweli, nusu inchi! Kuanzia hapo wale wawili wakawa lao moja.

Wiki iliyofuata akarudi na vitu vyake. Kitambaa cha kukalia cha kiti kilikuwa kimebonyea kama machela, akaweka ubao chini yake. Akajaza sponji pembeni ili Bibi asiyumbe. Akapandisha vikanyagio mpaka magoti yakakaa sawa na nyonga. Mwisho akatoa mto wenyewe, sponji nzito, nyuma ina bonde, mbele imeinuka kidogo.

"Bonde ni la makalio," alitueleza, akigusa. "Hapa palipoinuka panashika mapaja, Bibi asiserereke kwenda mbele. Akikaa vizuri chini, juu mikono inakuwa huru. Hicho ndicho tunachotafuta. Mikono."

Kifuniko cha mto Bibi alikishona mwenyewe siku ile ile, amekalia sponji tupu, cherehani mezani mbele yake. Mara ya kwanza kuzungusha mpini tangu aanguke! Mimi na simu yangu, narekodi, nazunguka meza kama niko harusini. Alichagua kitambaa kinachovutika, akaweka zipu pembeni, halafu kwenye ukingo wa nyuma akashonea kipande kidogo chekundu.

"Hicho cha nini, Bibi?"

"Cha vipofu wa nyumba hii. Chekundu kinakaa nyuma. Hata wewe Redio utaweza."

Redio ndiye mimi. Ananiita hivyo kwa sababu sizimiki.

Miezi miwili ile nyumba ilirudi kuwa nyumba. Bibi anakula mwenyewe, anatema mfupa mwenyewe, anagomba mwenyewe. Majirani wakaanza kuleta zipu zilizokufa na suruali za kupunguza. Dada Futi akapita tena, akamkagua kuanzia shingo mpaka vidole vya miguu, akasema anakwenda kwenye vituo vya mbali, atarudi baada ya wiki saba.

"Tatizo lolote mnipigie."

Namba yake niliihifadhi mimi. Iko humu humu kwenye simu.

Sasa ile Jumamosi. Chai ilimwagika kwenye mto. Shangazi alikuwa kazini, ni karani wa ghala na Jumamosi huingia nusu siku. Nikasema leo nitafanya kazi ya watu wazima. Nikamhamishia Bibi kitandani, nikavua kifuniko, nikafua, nikaanika, kikakauka. Kufika kwenye kukirudisha nikaegesha simu dirishani nijirekodi. Sponji ikaingia, zipu ikafungwa, nikaweka mto kitini, kitambaa chekundu kiko nyuma kabisa, sawasawa na maagizo. Jioni Shangazi akakuta kila kitu kimekauka na kiko mahali pake, hakuuliza na mimi sikusema. Nilikuwa napunguza video iwe fupi.

Jumatatu Bibi akaanza kuserereka.

Unamkalisha vizuri, unageuka kuchukua sahani, ukirudi makalio yameshafika ukingoni, mgongo umepinda kama ndizi, shingo imekunjwa, anatazama magoti yake. Unamvuta juu. Dakika ishirini, ameshuka tena.

"Mto umegeuzwa," akasema.

Shangazi akainama, akachungulia. "Mama, kitambaa chekundu kiko nyuma."

"Nakwambia umegeuzwa."

"Si huu hapa? Redio, hebu njoo uone. Kiko nyuma au hakiko nyuma?"

"Kiko nyuma," nikasema. Na mimi kwa akili zangu nikapiga picha, nikampelekea Bibi karibu na macho. "Ushahidi huu, Bibi!"

"Picha ya makalio yangu sihitaji. Mimi ndiye ninayeyakalia. Fungua zipu, utaona."

"Baadaye, Bibi."

Baadaye. Shangazi anachelewa kazini, mimi nina simu. Kila asubuhi anasema fungueni zipu, kila asubuhi tunamwambia baadaye, na yeye zipu iko chini yake, haifikii. Wiki ya pili akaacha kusema fungueni. Akawa anasema tu, "Umegeuzwa," kwa sauti ya chini, kila tunapomvuta juu. Sisi tukaanza kutazamana pale juu ya kichwa chake. Mnaujua mtazamo huo. Ule wa kusema, tayari, akili zimeanza kumwacha.

Wiki ya tatu Shangazi akamfunga kwenye kiti kwa mtandio, tumboni, ukapita nyuma ya kiti. Hakufanya kwa ubaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa amemuokota sakafuni mara mbili. Lakini makalio yalishuka vilevile, mtandio ukapanda mpaka kifuani, na mikono ikarudi kung'ang'ania kiti. Cherehani ikawa imekaa pale mezani na kitambaa chini ya sindano, mshono umefika katikati. Kijiko kikarudi kwa Shangazi.

Jumapili ya wiki ya nne akaja Baba mdogo. Anakuja mara moja kwa mwezi na anaondoka na maamuzi.

"Mama, leo siku gani?"

"Siku yako ya kuonekana."

"Nauliza kweli, Mama."

"Jumapili. Na wewe umevaa shati limelegea kifungo cha tatu, mkeo halioni. Nipe nikikaze."

"Haya, kwa nini unajitelezesha?"

"Mto umegeuzwa."

Akakiangalia kitambaa chekundu. Akamwangalia Shangazi. Akamvuta Shangazi jikoni, wakaongea dakika tano, mimi nawasikia kwa sababu ukuta wetu ni jina tu. Aliporudi alikuwa anatumia sauti ile ya kuongea na watoto.

"Mama yangu, tutaondoa cherehani kwa muda. Sindano, mkasi, ni hatari kwa mtu ambaye... kwa hali yako. Itakaa kwangu. Mama watoto anaweza kuitumia isishike kutu."

Nilikuwa sijawahi kumwona Bibi akiomba. Yule mama amegombana na wenye nyumba, na madiwani, amewarudisha watu na vitambaa vyao kwa sababu tu walimwambia mkono umezidi urefu. Siku ile aliomba.

"Nipe wiki moja. Nikikaa wiki nzima bila kushuka, utairudisha?"

Baba mdogo akatabasamu. "Ukikaa wiki nzima wima kama zamani, Mama, naileta mwenyewe kichwani."

Akaibeba. Nilimsaidia kufungua mlango.

Na Bibi akakaa! Ndiyo, alikaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, wima kama askari wa gwaride. Sisi tukawa tunafurahi, Shangazi akamfungua mtandio, mimi nikamrekodi nikaandika "Bibi amerudi." Hatukuangalia mikono. Alikuwa amejisimika kwa mikono, viwiko vimekakamaa, viganja vimebana vyuma vya pembeni, anaurudisha mwili nyuma na mto unausukuma mbele, anaurudisha, unamsukuma, kutwa nzima, siku baada ya siku. Hakula vizuri wiki ile kwa sababu akiachia mkono mmoja tu anashuka. Jasho lilikuwa linamtoka asubuhi asubuhi. Nikamuuliza, "Joto, Bibi?" Akasema, "Leo siku ya ngapi?"

Siku ya sita Shangazi alikuwa anamwogesha. Nikasikia ananiita, si kwa kelele, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. Pale juu ya makalio, kwenye mfupa, ngozi ilikuwa imesagika. Kidonda kama upana wa kifuniko cha chupa, katikati cheusi.

Nilimpigia Dada Futi. Ndipo nilipokumbuka kwamba namba ninayo.

Alikuja siku tatu baadaye, kutoka huko mbali, viatu vyote vumbi. Hakuuliza leo siku gani. Alimsalimia Bibi, akaomba tumkalishe kitini dakika moja tu, akaingiza kiganja chini ya paja, akakisogeza nyuma, akakirudisha mbele. Uso ukabadilika.

"Mrudisheni kitandani. Alale ubavu." Kisha akachukua mto, akafungua zipu.

Hivyo tu. Zipu ile. Sekunde mbili.

Sponji ikatoka bonde likiwa mbele na mwinuko ukiwa nyuma. Kifuniko kiko sawa, kitambaa chekundu kiko nyuma. Kilichogeuka ni cha ndani. Karibu wiki sita Bibi alikuwa amekalia kilima kinachomsukuma atoke kwenye kiti chake mwenyewe.

"Yeye hakuwaambia?" Dada Futi akauliza.

Shangazi akaishika sponji, akaigeuza.

"Nani alivalisha huu mto?"

"Mimi," Shangazi akasema. "Nguo zote humu ndani nafua mimi."

Aliamini. Huyo ndiye mtu ambaye kila kitu cha nyumba hii kinapita mikononi mwake, hata hakumbuki kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi, na ndani ya simu nikaiona Jumamosi ile yote, bila hata kuifungua. Nikaiangalia screen. Nikajifanya nasoma ujumbe.

Dada Futi alisema hakuna kukaa mpaka kidonda kifunge. Kumgeuza kila masaa mawili, kulia, kushoto, kamwe si chali. Alipoinyoosha nyonga, ikagoma katikati. "Imeanza kukaza," akasema. Bibi akamshika mkono wenye futi.

"Nitakaa tena?"

"Kidonda kwanza, Bibi."

Bibi ni fundi. Anajua jibu la fundi ambaye nguo imeshamharibikia.

Wiki tatu, jamani. Wiki tatu Baba mdogo anapiga simu, inawekwa kwenye spika, na mtu anayetukanwa ni Shangazi.

"Dada, umemuua Mama ukiwa unamtazama!"

"Nisamehe."

"Mto tu! Kuvalisha mto!"

"Nisamehe, mdogo wangu."

Siku moja Shangazi akajikaza. "Lakini Mama alisema ukweli. Akili zake ziko sawa. Ile cherehani irudi."

"Alibahatisha. Mgonjwa anasema mengi, moja likigonga ndiyo awe na akili? Na amelala, cherehani ya nini?"

Shangazi alikonda. Alikuwa anaweka saa ya kengele kila masaa mawili, usiku na mchana, anakwenda ghalani macho mekundu. Nilikuwa nampikia. Hicho ndicho nilichoweza, kumpikia. Nilikuwa namwekea nyama nyingi kwenye sahani yake.

Jana mchana tulikuwa wawili, mimi na Bibi. Nilikuwa nimemgeuza upande wa ukutani, nazungumza na mgongo wake. Labda ndiyo sababu niliweza.

"Bibi. Ule mto nilivalisha mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa hapa hapa kitandani. Ulikuwa unajichekea dirishani."

"Mbona hukuniambia?"

Mgongo ukatikisika. Nikadhani analia. Anacheka, cheko kavu la puani.

"Wiki sita nimesema. Mlitaka nisemeje? Niimbe?"

Nikamwambia kuna video. Akasema, "Zungukia huku. Iweke."

Nikapiga magoti kati ya kitanda na ukuta, nikamshikia simu. Mimi yule wa taulo nacheka, nashindilia. Na sauti yake nyuma, wazi kabisa, haina hata mkwaruzo: "Redio, umeshika kinyume. Palipoinuka ni pa mapaja. Acha simu, angalia mkono wako." Na mimi: "Sawa Bibi, sawa, cheka kwanza kidogo!" Imeisha.

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia."

Mara ya nne akafumba macho, akawa anasikiliza tu.

"Huyo mama anayeongea," akasema, "amechanganyikiwa?"

"Hapana, Bibi."

"Basi itume. Kule mnakoongea wote."

Ana maana ya kundi la familia. Watu kumi na tisa, wajomba, binamu, mpaka wake za binamu.

"Bibi, nitaonekana..."

"Utaonekana. Mimi wiki sita nimeonekana mwehu, nimekufa?" Akafikiri kidogo. "Tuma."

Nikatuma. Sikuandika kitu chini yake.

Shangazi alikuwa ndio anaingia kutoka kazini. Nikasikia simu yake ikilia sebuleni. Nikasikia cheko langu, kupitia ukutani. Kisha sauti ya Bibi. Kisha akaianzisha upya. Alipokuja mlangoni bado alikuwa na mkoba begani.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu naamka najiuliza mikono hii ina nini."

"Shangazi..."

"Na ulikuwa unaniongezea nyama."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Akaweka mkoba chini, akakaa palepale kizingitini kama mgeni asiyekaribishwa.

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Baba mdogo. Nikafungua haraka, nikasema sasa, sasa ataona, sasa cherehani itapakiwa leo leo. Alikuwa ameweka vikatuni vitatu vya kucheka, vile vya machozi. Chini yake ameandika: "Redio na taulo lake! Huyu mtoto hatari." Binamu mmoja akaweka dole gumba. Mwingine akauliza kitambaa cha kifuniko kilinunuliwa wapi, ni kizuri. Kisha Baba mdogo akatuma picha nyingine juu yake, mkewe amekaa mbele ya cherehani nyeusi, anashona mapazia mapya.

Video yangu ikapanda juu, ikapotea.

"Wamesemaje?" Bibi akauliza. Macho bado ameyafumba, lakini uso umekaza, unasubiri.

Nilimwangalia Shangazi. Naye simu yake iko mkononi, ameyasoma. Akatazama pembeni.

"Wameona, Bibi," nikasema.

"Wote?"

"Wote."

"Na yeye?"

"Ameona."

Akangoja. Aliniachia nafasi ndefu kabisa ya kuendelea, na mimi, ninayeitwa Redio, sikuwa na kitu cha kutangaza.

"Haya," akasema. "Basi nigeuzeni. Upande huu umechoka."

Shangazi akanyanyuka kizingitini, akashika mabega. Mimi nikashika miguu.